Fimbo mbili za ethi, studio moja: uchambuzi wa mvumo katika mfumo wa sinthesaiza ya analogi mjini Mtwara

Kisa hiki, nilichokishughulikia pamoja na fundi umeme wa mtaani, kilitokea katika studio ndogo ya muziki mjini Mtwara. Majina, mtaa na alama nyingine za kuwatambulisha wahusika nimeziondoa. Nakiandika kwa ajili ya mafundi na watayarishaji wa muziki, kwa sababu ushauri ambao mwenye studio alipewa, kukata pini ya ethi (ile ya waya wa usalama unaokwenda ardhini) ili kelele iishe, hutolewa mara nyingi mno, na pale ungeweza kuua mtu.

Chumba, vifaa na umeme wake

Studio ni chumba kimoja katika nyumba ya familia, si mbali na bahari. Kijana mwenyewe hurekodi kwaya, singeli na vikundi vya ngoma, na muziki wake binafsi huujenga kwa sinthesaiza ya analogi, ala inayotengeneza sauti kwa sakiti za umeme, juu ya midundo ya ngoma za Kimakonde aliyoirekodi vijijini. Msimu wa korosho ndio pesa yake ya mwaka. Wakulima wakishalipwa, harusi huongezeka, vikundi huja kurekodi, na studio haipumziki.

Upande mmoja wa chumba kulikuwa na kompyuta, miksa, spika mbili zenye amplifaya ndani na sinthesaiza yenye kibodi. Upande wa pili kulikuwa na raki ya moduli za analogi, yenye sikwensa (kifaa cha kupanga mfululizo wa noti) na pawa saplai yake ya plagi ya pini tatu. Raki ilituma mambo mawili ng'ambo: sauti kwenda kwenye miksa, na volteji ya kuiongoza sinthesaiza.

Hiyo volteji inahitaji maelezo, maana ndiyo iliyokifanya kisa kiwe kigumu kuliko mvumo wa kawaida wa redio au amplifaya. Katika mfumo wa analogi wa aina hii noti husafiri kama volteji. Kwa kanuni iliyozoeleka tangu sinthesaiza za Robert Moog za miaka ya 1960, volti 1 ni oktava 1. Oktava ina nusu toni 12, kwa hiyo nusu toni moja ni takriban milivolti 83. Nusu toni ukiigawa sehemu mia unapata senti, kipimo ambacho wapiga muziki hutumia kusahihisha sauti, na senti moja ni chini kidogo ya milivolti 1. Kifaa kinachopokea hupima tofauti kati ya ncha ya jeki na ganda lake. Volteji yoyote ya wizi itakayoingia kwenye ganda, kifaa kitaisoma kama sehemu ya noti.

Sasa umeme. Chumba kilikuwa na soketi kwenye kuta mbili. Ya ukuta wa mbele ilitoka kwenye mein switchi ya nyumba, ambayo ethi yake ilikwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa chini ya mita. Ya ukuta wa nyuma iliongezwa baadaye na, kwa kuwa ukuta ule unapakana na uani, fundi wa wakati huo aliivuta kutoka kwenye banda la uani. Banda lenyewe lililetewa umeme kwa waya wa nyaya mbili tu, wa moto na nyutro, kisha likachimbiwa fimbo yake ya ethi. Fimbo hizo mbili hazikuunganishwa. Kati ya waliokuwa wakiishi pale, hakuna aliyelijua hilo.

Malalamiko ya kwanza: miksa inatekenya

Mwenye studio alianza na malalamiko matatu. Kulikuwa na mkwaruzo mkali chini ya kila alichorekodi. Akigusa mwili wa miksa akiwa peku juu ya sakafu ya saruji, alisikia umeme ukimtekenya. Na kila alipochomeka jeki ya raki vifaa vikiwa vimewashwa, spika zilipiga kishindo. Alikwisha kununua nyaya mpya, na hazikusaidia.

Fundi umeme wa mtaani, mtu mzima anayeheshimika kwa kazi yake, aligusisha testa kwenye mwili wa miksa na taa yake ikawaka. Alidhani waya wa moto umegusa bodi. Dhana hiyo ilikuwa na msingi, na ndiyo ya kuondolewa kwanza kabla ya nyingine zote, kwa kuwa ndiyo hatari zaidi. Lakini testa huwaka hata kwa mkondo mdogo sana, haikuambii ni kiasi gani. Tulichomoa nyaya zote za raki na kupima kwa multimita kati ya mwili wa miksa na tundu la ethi ukutani. Ilisoma volti 108.

Kama waya wa moto ungekuwa umegusa bodi, tungetegemea kitu karibu na 230. Nusu yake ni alama ya jambo jingine. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka kwenye waya wa moto na nyingine kutoka kwenye nyutro, na zote mbili hukutana kwenye mwili wa kompyuta. Zimewekwa zimwage mabaki ya umeme kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, mwili wa kompyuta huelea katikati ya nyaya hizo mbili, yaani karibu nusu ya volteji ya ukutani, na kila kinachoungana nao kwa ganda la waya huelea pamoja nao. Mkondo wenyewe ni mdogo: kapasita ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 230 za hezi 50 hupitisha karibu miliampea 0.34. Unatekenya ngozi. Hauui. Lakini ukilazimika kupita kwenye ganda la waya wa sauti, unasikika.

Kwa nini ethi haikuwepo, wakati plagi zote zina pini tatu? Tulichomoa ekstensheni ukutani na kupima kutoka pini ya ethi ya plagi yake hadi matundu ya ethi upande wa pili. Multimita haikulia. Tulipoifungua, ndani ya waya ule mnene mlikuwa na nyaya mbili tu. Kila soketi ilikuwa na tundu la tatu na shaba yake, na shaba hiyo haikuunganishwa na kitu. Ekstensheni za namna hii zimejaa madukani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kuzipima.

Kishindo cha jeki nacho kikaeleweka. Jeki ikiingia, ncha hutangulia kugusa kabla ya ganda. Kwa muda huo mfupi, volti zaidi ya mia moja zinazoelea huingia kwenye mlango wa sauti. Ni bahati kwamba hakuna moduli iliyoungua.

Tulifunga ekstensheni yenye nyaya tatu halisi za milimita mraba 1.5. Zile volti 108 zikaanguka chini ya 1, mtekenyo ukaisha, na mkwaruzo mkali nao ukaisha.

Malalamiko ya pili: mvumo unaokuja na kuondoka

Haukupita muda, kikazuka kitu kingine. Safari hii ulikuwa mvumo wa chini, laini, ambao huvuma kwa muda kisha hukoma wenyewe bila mtu kugusa kitu. Na ulipokuwa ukivuma, noti za juu za sinthesaiza zilikuwa na ukakasi, hazikutoka safi. Noti za besi hazikuonyesha tatizo.

Mwenye studio ana sikio zuri. Aliushikia mvumo ule programu ya kusahihisha gitaa kwenye simu, nayo ikamwandikia G, mshale ukiwa umezidi kwa senti 35. Aliona ni ajabu. Kwangu ilikuwa taarifa kamili. G ya chini kabisa katika eneo hilo ni hezi 49. Umeme wetu ni hezi 50. Tofauti ya 49 na 50 ni senti 35. Mvumo unaokaa hapo, au oktava moja juu yake kwenye hezi 100, umetoka kwenye umeme wa ukutani. Tena kuna tofauti kati ya sehemu hizo mbili: mvumo mlaini wa hezi 50 mara nyingi ni mkondo unaozunguka kwenye ethi, na mkwaruzo wenye hezi 100 na ndugu zake wa juu mara nyingi unatoka kwenye pawa saplai zenyewe. Ukitumia jenereta, mvumo hupanda na kushuka kadiri injini inavyobadili mwendo, na hilo nalo ni ushahidi.

Fundi umeme aliitwa tena. Alirudisha ile ekstensheni ya zamani na mvumo ukatoweka. Akaweka mpya, ukarudi. Jaribio lilikuwa safi na lilionyesha jambo la kweli. Kilichofuata ndicho kilichonitia hofu.

"Kaka, ethi ndiyo inayoleta kelele," mwenye studio aliniambia. "Fundi anasema tukate pini moja tu ya miksa, mambo yaishe. Msimu umeshaanza."

"Kwenye kumbi tunakata siku zote," fundi aliongeza, "na watu wanaimba."

Kwa nini pini haikukatwa

Niliomba tusikate kitu hadi tujue mkondo unatoka wapi, na nikaeleza sababu kwa hesabu, kwa kuwa fundi yule ni mtu wa kazi na anaielewa hesabu.

Pini ya ethi ipo kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utagusa mwili wa kifaa. Siku hiyo, miksa isiyo na ethi itakuwa na volti 230 kwenye mwili wake, na kupitia ganda la waya wa maikrofoni volti hizo zitafika kwenye chuma kilicho mbele ya midomo ya mwimbaji. Kwaya husimama peku mle ndani. Hakuna kitakachokata umeme, maana hakuna mkondo mkubwa unaopita hadi mtu aukamilishe mzunguko kwa mwili wake.

Kuna jambo jingine, ambalo hata mafundi wazuri huliruka. Katika nyumba ile, hata ethi ikiwepo, haikutosha. Baadaye tulipima fimbo ya nyumba kwa kipima ethi na kukuta ukinzani wa omu 90. Volti 230 kwa omu 90 ni ampea 2.6 tu. Sakiti breka ya ampea 10 haitashtuka kwa mkondo huo. Itauacha upite na mwili wa kifaa utabaki na umeme. Ardhi ya namna hii inahitaji breka ya kukamata uvujaji, ile mafundi wanayoiita RCD, inayokata kwa miliampea 30. Nyumba haikuwa nayo. Kwa hiyo suala lililokuwa mbele yetu lilikuwa kubwa kuliko kelele.

Fundi alisikiliza, akakubali tupime kwanza. Bila ushirikiano wake kisa kisingefika popote, maana yeye ndiye aliyejua njia za waya uani.

Friza

Tulizima na kuchomoa vifaa vyote. Tukavuta waya kutoka tundu la ethi la ukuta wa mbele hadi tundu la ethi la ukuta wa nyuma, multimita katikati. Kama ethi zote mbili zinatoka mahali pamoja, usomaji unatakiwa uwe karibu na sifuri. Ulikuwa volti 1.8.

Tukakaa tukiitazama mita. Baada ya muda usomaji ukaporomoka hadi 0.1, na fundi akainua kichwa: uani, kitu kilichokuwa kikinguruma kilikuwa kimenyamaza. Ilikuwa friza ya mama mwenye nyumba, ambaye huuza barafu na huwatunzia wavuvi samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mkitaka kuizima semeni mapema, humo mna samaki wa watu."

Alituruhusu tuichomoe kwa muda mfupi. Ikichomolewa, 0.1. Ikirudishwa na kompresa ikianza kazi, 1.8. Mvumo wa studio ulikuwa ukifuata ratiba ya friza.

Fundi alipima mkondo kwenye waya wa ethi wa friza: miliampea 8, nyingi kuliko inavyofaa. Fimbo ya banda ilikuwa na ukinzani wa omu 220. Miliampea 8 kwa omu 220 ni volti 1.76, karibu kabisa na tulichosoma kati ya soketi na soketi. Kisha tukaunganisha ethi hizo mbili kupitia ampea mita na kusoma miliampea 5.7. Nao ndio mgawanyo unaotarajiwa: mkondo wa friza ukipewa njia mbili, fimbo ya omu 220 na fimbo ya omu 90, sehemu kubwa huchagua ile ya omu 90. Vipimo vinapokubaliana na hesabu kiasi hicho, unaweza kuacha kukisia.

Visima viwili vyenye kina tofauti cha maji, ukivitoboa na kuvipitishia bomba, maji yatahama kutoka kwenye kimoja kwenda kingine. Bomba hapa lilikuwa waya wa jeki. Raki ilikaa kwenye ethi ya banda, sinthesaiza na miksa zikakaa kwenye ethi ya nyumba, na kilichounganisha pande hizo ni maganda ya nyaya zilizopita kati yao, hasa za sauti na za noti. Mkondo wa friza ya samaki ulikuwa ukirudi ardhini kwa kupita ndani ya wimbo.

Wakati wa ekstensheni mbovu njia hiyo haikuwepo, kwa sababu upande wa miksa haukufika ardhini kabisa. Kuweka ethi halali kulikamilisha mzunguko. Hapo ndipo jaribio la fundi lilipopata matokeo yake: ethi haikuleta mkondo, iliufungulia mlango.

Jinsi milivolti mbili zinavyoharibu noti

Sehemu hii naikawilia, kwa kuwa wapiga analogi wengi hulaumu osileta, sehemu ya sinthesaiza inayozalisha noti, kwa kosa la ethi.

Tuliacha waya mmoja tu, ule wa noti kutoka raki hadi sinthesaiza, na kupima kati ya ganda la huku na ganda la kule friza ikiwa inafanya kazi. Milivolti 2.3. Hiyo ina maana ganda pamoja na migusano yake ya jeki lilikuwa na ukinzani wa karibu omu 0.4. Kwa waya mfupi hicho ni kingi, na sababu ilionekana kwa macho: jeki zilikuwa zimefifia kwa hewa ya chumvi. Nyaya mpya, ambazo hazikusaidia kitu kwenye malalamiko ya kwanza, zilipunguza mvumo huu wa pili kwa muda, ndiyo maana alidhani amepona kila aliponunua nyingine.

Milivolti 2.3 za mkondo geu hufikia kilele cha karibu 3.2 kila upande. Kwa kipimo cha volti 1 kwa oktava, noti ilikuwa ikipandishwa senti nne na kushushwa senti nne, mara 50 kila sekunde. Sikio halisikii noti ikiyumba kwa kasi hiyo, linasikia ukakasi. Na kwa kuwa senti ni uwiano, kuyumba huko kwa hezi hukua kadiri noti inavyopanda: kwenye noti ya hezi 100 ni robo ya hezi, kwenye noti ya hezi 2,000 ni zaidi ya hezi 4.5. Ndiyo maana besi ilionekana nzima na noti za juu zikakwaruza.

Mtu akikuletea sinthesaiza yenye noti za juu zenye ukakasi unaokuja na kuondoka, usifungue bodi kwanza. Iendeshe peke yake, bila waya wowote kutoka kifaa kingine, usikilize kwa hedifoni.

Kilichoamuliwa na kufanyika

Palikuwa na njia ya mkato kwa upande wa sauti: transfoma ya kutenganisha, ya uwiano wa 1:1, kati ya raki na miksa. Inapitisha sauti na inakata njia ya shaba. Tuliikataa kwa sababu moja: haiwezi kusaidia waya wa noti. Noti inayoshikiliwa ni volteji iliyotulia, na transfoma haipitishi volteji iliyotulia. Sinthesaiza ingebaki na ukakasi wake.

Kwa hiyo vifaa vyote vinavyopeana volteji ya noti vilihamishiwa kwenye chanzo kimoja, soketi ya ukuta wa mbele, kwa ekstensheni moja iliyopimwa. Mwenye studio alisita. Alikuwa amegawanya vifaa kwenye kuta mbili kwa kuogopa kuzidisha mzigo. Tulijumlisha pamoja: kompyuta, spika mbili, miksa, sinthesaiza na raki, vyote havikufika wati 500. Hizo ni kama ampea 2 kwenye plagi ya ampea 13. Soketi ya ukuta wa nyuma ikaachiwa feni na chaja ya simu, vitu visivyogusana na nyaya za sauti.

Jeki zilizofifia zilisafishwa, mbili zikabadilishwa. Mvumo ukaisha siku hiyo hiyo, friza ikiwa inaendelea na kazi yake.

Ikabaki sauti nyembamba ya kompyuta, iliyobadilika mtu akisogeza mausi. Raki ilikuwa imeunganishwa na kompyuta kwa USB pia, ili kupokea mwendo wa wimbo, na waya wa USB una shaba ya ethi inayopita moja kwa moja. Tuliuondoa na kutumia MIDI ya pini tano kutoka kwenye kadi yake ya sauti. MIDI, tangu ilipowekwa mwaka 1983, hupitisha ujumbe kwa mwanga ndani ya kijichipu upande wa kupokea, kwa hiyo vifaa viwili huongea bila kugusana kwa umeme. Sauti ile nyembamba ikakoma.

Kwa upande wa usalama, fundi umeme alivuta waya wa shaba wa milimita mraba 10 kuunganisha ethi ya banda na ethi kuu ya nyumba, ili siku mtu atakapochomeka kitu ukuta wa nyuma asikute tena tofauti. Akafunga RCD ya miliampea 30.

Baada ya hapo

Studio ilimaliza msimu bila mvumo. Tulipopima tena kati ya soketi za kuta mbili, usomaji ulikuwa milivolti chache tu, friza ikiwa imewaka au imezimwa.

Lakini RCD ilileta msiba wake. Kwa kubana matumizi, familia ilifunga moja kwa nyumba nzima, na matengenezo ya friza yakaahirishwa hadi pesa ipatikane. Mvua kubwa za mwanzo zilipoanza, unyevu uliongeza uvujaji wa friza, na usiku mmoja RCD ikakata. Asubuhi samaki walikuwa wameharibika, nao walikuwa wa watu wengine. Mama aliwalipa wavuvi kutoka mfukoni mwake na akataka kifaa kile kiondolewe kabisa. Nilimwelewa. Kwake kilichoonekana ni hasara tupu, na hasara hiyo ilitokana na marekebisho ya chumba cha muziki.

Kilichomshawishi ni fundi wa mafriji, aliyeikagua friza na kukuta waya uliochubuka karibu na kompresa na kisanduku cha viungio kilichoingia unyevu wa chumvi. Alimwonyesha ule waya. Baada ya kutengenezwa, uvujaji ulishuka chini ya miliampea 1. Kisha zikafungwa RCD mbili, moja ya nyumba na moja ya friza peke yake.

Uchambuzi

Kilichotuokoa zaidi ni kupima kati ya ethi na ethi kabla ya kugusa waya wowote wa sauti. Kipimo hicho hakihitaji kifaa zaidi ya multimita na waya mrefu, na kingefanyika siku ya kwanza kingefichua fimbo mbili tangu awamu ya ekstensheni. Wakati huo dalili za kutekenya zilitosha kueleza kelele yote, nasi tukaridhika na maelezo yaliyotosha. Katika chumba chochote chenye soketi kwenye kuta zaidi ya moja, hasa nyumba iliyoongezwa banda, kipimo hiki kinastahili kufanywa hata kama tatizo la kwanza limekwisha kupatikana.

Jaribio la kubadilisha ekstensheni lilikuwa sahihi, hitimisho lake ndilo lililopotoka. "Ethi ikiondoka mvumo unaondoka" ni kweli, na ni kweli pia kwamba ukikata njia yoyote katika mzunguko mkondo utakoma. Swali la maana ni njia ipi tunaweza kuikata bila kumweka mtu mahali pake. Ganda la waya wa sauti linaweza kukatwa upande mmoja, ikiwa miksa ina mlango wa nyaya tatu; USB inaweza kuondolewa; kifaa kinaweza kuhamishwa soketi. Pini ya ethi pekee ndiyo isiyo na mbadala.

Ushauri wa kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la fimbo ulitolewa pia, na una ukweli ndani yake. Chumvi hupunguza ukinzani wa udongo. Kama fimbo ya banda ingeshuka kutoka omu 220 hadi 20, zile volti 1.76 zingekuwa 0.16 na mvumo ungepungua sana. Lakini mvua huichukua chumvi hiyo, chuma huliwa, na friza ingeendelea kuvuja bila mtu kujua. Kurefusha fimbo kuna faida ya kudumu zaidi: fimbo ya mita 1.2 ukiifanya mita 2.4 katika udongo ule ule, ukinzani hushuka kwa zaidi ya asilimia 40, na huku kwetu, kwenye mchanga unaokauka juu, kwenda chini kunamaanisha pia kufikia udongo wenye unyevu. Tatizo ni matumbawe. Sehemu nyingi za pwani ya Mtwara fimbo hugota mapema, na hapo hulazimu kuchimbia fimbo kadhaa zilizoachana na kuziunganisha.

Ukavu wenyewe ulikuwa mshiriki. Malalamiko ya pili yalifika kileleni mwishoni mwa kiangazi, mchanga ukiwa umekauka kabisa na fimbo zikiwa na ukinzani mkubwa kuliko miezi mingine, ambao ndio wakati msimu wa korosho unapoleta wateja. Mtu akipima ethi mwezi Machi, katikati ya mvua, atapata namba nzuri ambayo haitamsaidia Oktoba. Vipimo vya studio hii sasa hufanywa mwishoni mwa kiangazi, na jeki husafishwa wakati huo huo.

RCD moja kwa nyumba nzima ilikuwa uamuzi wa kuokoa fedha, na iligharimu zaidi ya RCD ya pili. Mpangilio ambao ungefaa ulikuwa kutengeneza friza kwanza, kupima uvujaji wa nyumba nzima, kisha kufunga RCD. Kifaa chenye miliampea 8 wakati wa ukavu kilikuwa kimeshatoa taarifa kwamba mvua zikija kitavuka. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa finyu kuliko namba iliyoandikwa juu yake.

Soketi ya ukuta wa nyuma bado inatoka kwenye banda. Waya wa milimita mraba 10 umeondoa tofauti ya ethi, lakini mwenye studio anataka kuivuta upya kutoka mein switchi ya nyumba kabla hajanunua raki ya pili, na fundi yule yule wa mtaani ndiye aliyekubaliana naye kuifanya kazi hiyo.